Kiwiko Pembeni mwa Picha

Kabla Piusi hajapata kamera, Karatu nzima ilikuwa na mpigapicha mmoja tu, naye alikuwa Valeriani. Valeriani mwenyewe aliona hivyo ndivyo Mungu alivyopanga. Studio yake ilikuwa kibanda cha bati kando ya barabara iendayo geti la Ngorongoro. Mbele palikuwa na benchi la wateja na kioo cha kujitazamia. Nyuma palikuwa na chumba cha giza, alimosafishia filamu na kukuzia picha kwa mashine iliyokula betri ya lori. Na ukutani, mkabala na kamera, lilining'inia pazia la bahari.

Pazia hilo lilichorwa na fundi mmoja wa mabango kutoka Arusha ambaye, ukilitazama vizuri, ungejua hakuwahi kufika baharini hata kwa kupotea njia. Maji yake yalikuwa ya buluu kama joho la Bikira Maria kanisani, mnazi ulikuwa umeota katikati ya maji, na jua lilikuwa na miale kama spoki za baiskeli. Watu walilipenda hivyo hivyo. Maharusi walisimama mbele yake. Watoto wa komunio ya kwanza walisimama mbele yake. Siku za mnada vijana wa Kimasai walioshuka na ng'ombe kutoka Ngorongoro walisimama na mikuki yao chini ya mnazi ule, nyuso zimekaza, utadhani wamepewa kazi ya kuilinda bahari isiibwe. Valeriani aliwapanga wote kwa mkono wake. Kidevu juu, mikono chini, usicheke, usipumue. Katika picha zake zote hutamwona mtu hata mmoja aliyecheka, na ukimuuliza alikujibu kwamba picha ni kitu cha heshima.

Aliyemshinda alikuwa mama yake.

Mama huyo alibatizwa Evarista, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Valeriani, kwa kuwa Valeriani ndiye kifungua mimba wake. Kila Pasaka mwanawe alimkalisha mbele ya pazia, na kila Pasaka mama alitoka amefumba macho, au amekaza mdomo kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Wewe unanitazama kama karani wa mahakama," alimwambia siku moja. "Ndiyo maana nafumba."

Sasa mlete Piusi, kitinda mimba. Piusi alikuwa dereva wa watalii katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Akija likizo, akisimama tu pale uani na mkoba wake begani, mama alikuwa ameshaanza kucheka. Piusi hajatoa hata salamu! Mama anacheka, anashika kiuno, anatafuta pa kuegemea. Valeriani aliliona jambo hilo tangu wakiwa watoto wanachunga mbuzi, na lilimkera tangu wakati huo. Jina la mama alikuwa nalo yeye, kicheko cha mama alikuwa nacho Piusi. Na laiti angepewa nafasi ya kubadilishana, angebadilishana siku hiyo hiyo, tena bila kuuliza nyongeza.

Mwaka 1976 mgeni mmoja Mjerumani, aliyezungushwa na Piusi kule kreta kwa wiki nzima, alimwachia kamera yake, kidude cheusi cha kutundika shingoni. Piusi akaanza kupiga. Alipiga ukungu wa alfajiri unapopanda kutoka bondeni. Alipiga wapishi wa hoteli wakicheka na miiko mikononi, akapiga bibi mmoja wa Endulen akimkaripia punda. Filamu alizileta kwa kaka yake, maana chumba cha giza kilikuwa kimoja tu.

Hapo sasa. Fikiria mtu ameinama juu ya beseni la dawa, taa nyekundu imefunikwa kwa kitambaa, na polepole inatokea mbele ya macho yake picha ambayo si yeye aliyeipiga, na ni nzuri. Wapishi wale walikuwa wanacheka kweli. Ungeweza karibu kuwasikia. Valeriani alizitoa zile picha, akazikausha, akamkabidhi mdogo wake kwa ncha za vidole.

"Zimepinda," alisema. "Na watu wako hawakusimama vizuri."

"Ndiyo, kaka. Nitajifunza," Piusi akajibu.

Jibu hilo lilimuumiza Valeriani kuliko matusi. Angebishiwa angepata pa kupumulia. Usiku huo hakumaliza ugali wake, na mkewe Lusia, aliyemjua kama anavyojua sufuria zake, akamuuliza kama anaumwa tumbo au anaumwa Piusi.

Mwezi wa Desemba Piusi akaja na neno jipya. Amepata likizo, anataka kumpeleka mama Tanga, kwa dada yao Lukresia, aliyekuwa muuguzi huko na ameolewa na mtu wa reli. Mama hajawahi kuiona bahari. Akaione basi, na Krismasi wale huko huko.

Mama alicheka, bila shaka. Kisha akainua kidole na kuonyesha juu ya mlango wa chumba chake. Upande huu palikuwa na Moyo Mtakatifu wa Yesu, upande ule kalenda ya misheni, na katikati palikuwa patupu.

"Nataka picha moja ya huko," alisema. "Mimi na bahari. Moja tu, maana nafasi yenyewe ni moja. Nitaitundika pale mpaka nife."

"Kamera ninayo, mama," Piusi akasema.

Valeriani alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya muwa. Kisu kilisimama. Yaani yeye, mtu wa studio, aliyepiga picha za nusu ya tarafa, akae Karatu anatazama pazia, huku picha ya mama yake itakayotazamwa na kila mgeni inapigwa na dereva?

"Na mimi nakwenda," alisema. "Studio nitaifunga. Picha hiyo nitapiga mimi."

Walishuka Mto wa Mbu kwa basi, wakala vumbi hadi Arusha, wakapanda treni ya Tanga. Njia nzima Piusi na mama walikuwa dirishani wakionyeshana mashamba ya mkonge na kucheka mambo yasiyochekesha. Valeriani alikaa mkabala nao, amepakata kamera yake kubwa na ile stendi ya miguu mitatu, mkao wa mtu aliyepakata mgonjwa.

Nyumba ya Lukresia haikuwa mbali na ufukwe wa Sahare, nje kidogo ya mji. Asubuhi ya kwanza, kabla ya adhana, Valeriani aliamka peke yake. Akavaa sweta lake. Mtu wa Karatu akiamka alfajiri huvaa sweta, basi, hata kama yuko mahali ambapo kuta zenyewe zinatoka jasho. Sweta hilo la kahawia lilifumwa na mama yake, na kiwiko cha mkono wa kushoto kilipotoboka mama alikifuma upya kwa sufu nyeupe, kwa kuwa ile ya kahawia ilikuwa imekwisha. Akalivaa, akanyata hadi mlangoni, akatoka.

Alipofika ufukweni alisimama, na hata yeye, kwa muda, aliusahau wivu wake. Bahari ilikuwa imekwenda mbali. Ilikuwa imeacha uwanja mpana wa mchanga uliolowa, umetulia, na mbingu yote yenye mawingu mekundu ilikuwa imelala ndani ya mchanga ule. Katikati ya uwanja palisimama jiwe moja jeusi, peke yake, kavu. Valeriani alitembea hadi kwenye jiwe, akalizunguka, akapima kwa macho. Mama atakaa hapa. Jua litamjia ubavuni, bahari itakuwa nyuma yake. Alijua mara moja kwamba hiyo ndiyo picha, na kwamba Piusi hajaiona.

Alirudi akamkuta mdogo wake anakunywa chai kibarazani.

"Ulikuwa wapi kaka, na sweta juu?"

"Kunyoosha miguu."

Lukresia alimcheka sana kwa sweta lile. Alisema watu wa Tanga watadhani kaka yake ana malaria. Valeriani alikuwa na siri yake, na siri ilimpa joto kuliko sweta.

Tatizo, miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa safari, na Lukresia, muuguzi, akaamuru apumzike siku chache kwanza. Valeriani akasubiri. Hakuthubutu kurudi kwenye jiwe lake alfajiri, asije Piusi akamfuata akalijua. Mchana walipotembea ufukweni wote pamoja, aliona maji yamejaa mpaka juu na jiwe halionekani, akatabasamu kimoyomoyo. Alishaielewa bahari, alijiambia. Alfajiri inakwenda, mchana inarudi. Ni kama ng'ombe, ila hii inakwenda malishoni usiku. Kwao maji ya ziwa hukaa pale ulipoyaacha. Haya ya huku yanatembea, sawa, lakini yana ratiba. Neno moja tu kwa Lukresia lingemtoa ujingani. Ila angemuuliza, Lukresia angetaka kujua ya nini, na Lukresia hakuwahi kutunza siri tangu abatizwe.

Basi alfajiri aliyoichagua alimgusa mama bega.

"Mama, amka. Twende kwenye picha."

"Piusi je?"

Hata hapo! Hata kabla hajafumbua macho!

"Piusi amelala," Valeriani akasema. "Mwache apumzike."

Walikwenda polepole, mama na kitenge chake kipya na viatu vya plastiki, mwanawe mbele na sweta lake lile, stendi begani. Njiani mama aliongea kwa Kimbulu cha kwao, akashangaa harufu ya hewa, akauliza kama samaki nao wanalala. Valeriani alijibu ndiyo, ndiyo, akiharakisha. Walipopita minazi ya mwisho akasimama ghafla, nusura mama amgonge.

Uwanja wake haukuwepo. Pale palipolala mbingu palikuwa na maji ya kijivu yanayosukumana, na mbali kidogo, katikati yake, mgongo wa jiwe jeusi ulitokeza na kuzama.

"Hapana," Valeriani alisema. "Hapana, haiwezekani. Saa ni ile ile!"

Saa ilikuwa ile ile kweli. Bahari ndiyo haikuwa imeangalia saa. Kila siku huchelewa kidogo kuliko jana, na mtoto yeyote wa Sahare angemwambia hivyo, bure, kama angeuliza.

"Si nikae tu hapa mchangani?" mama akasema. "Hapa pazuri."

"Hapa kila mtu anaweza kupiga!" Valeriani akang'aka. Jua lilikuwa karibu kutoka. Muda wowote Piusi angeamka, akaliona godoro la mama tupu, akaja na kile kidude chake shingoni. Akamshika mama mkono. "Twende. Maji si mengi."

Wakaingia. Maji yakafika vifundoni, yakafika nusu ya shavu la mguu, yakawa yanagusa magoti. Mama alikuwa amekunja kitenge kwa mkono mmoja na akitoa sauti ndogo ndogo za mshangao. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akakunja uso. "Kweli ni chumvi!" alisema kwa furaha, kana kwamba maisha yake yote aliwadhania watu waongo na leo amewakuta na ukweli. Kama Valeriani angekuwa na kamera tayari dakika ile! Lakini alikuwa anahangaika kuichimbia stendi, na alipoinua kichwa alisema maneno yale aliyowaambia watu wote.

"Simama wima, mama. Kidevu juu. Usicheke."

Mama akasimama wima. Furaha ikamtoka usoni, mdomo ukakaza. Jua likachomoza ubavuni mwake, bahari ikawaka, na Valeriani akabonyeza. Alijua, kabla hata kidole hakijatoka kwenye kitufe, kwamba macho yalikuwa yamefumba.

"Tena," alisema. "Ngoja nirudi nyuma kidogo."

Akaing'oa stendi, akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, na mguu wake ukakosa mchanga. Palikuwa na shimo, moja ya yale mashimo ambayo bahari hujichimbia yenyewe na kuyaficha. Valeriani alikwenda chali na miguu yake mitatu pamoja na ile miwili. Maji yakamfunika hadi kidevuni. Zaidi ya kichwa, kilichobaki juu kilikuwa mkono wake wa kushoto, umejikunja, umeibeba kamera hewani kama padri ameinua kikombe.

Na mama akacheka. Kilikuwa kicheko kile chenyewe, cha kushika kiuno, cha kutafuta pa kuegemea, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuegemea alikuja akiyumba majini, mkono ameunyoosha, machozi yanamtoka, anacheka.

Valeriani alifuta chumvi machoni, na cha kwanza alichokiona, mbali pembeni ufukweni, kilikuwa Piusi anayekuja mbio na kamera shingoni. Ndiyo maana, aliwaza. Ndiyo maana anacheka, Piusi amefika.

"Kaka, umeumia?" Piusi akaita, akaingia majini na suruali yake.

"Sijaumia," Valeriani akasema. Hakumtazama hata mmoja wao.

Kumbe kabla ya kukimbia Piusi alikuwa amebonyeza. Valeriani aliona kwa jinsi mdogo wake alivyosogeza filamu pale pale majini, kwa kidole gumba. Tangu dakika ile hakupata usingizi mzuri. Krismasi ya Tanga, pilau ya Lukresia, treni, vumbi la Makuyuni, vyote vilimpita. Aliwaza ile filamu moja iliyokuwa kwenye mfuko wa shati la Piusi.

"Utanisafishia, kaka," Piusi alisema walipofika, akamwekea mkononi. "Nadhani kuna moja ya mama itakayomfaa pale juu ya mlango."

Valeriani alijifungia kwenye chumba cha giza. Alianza na ya kwake. Mama amesimama wima, kidevu juu, bahari inawaka, macho yamefumba. Hata bahari katika picha ile ilionekana kama pazia. Kisha akasafisha ya Piusi, akaiweka kwenye mashine, akawasha, na pale kwenye karatasi nyeupe mama yake akamcheka.

Ilikuwa picha ambayo mtu hupiga mara moja katika maisha, na wengine hawapigi kabisa. Kitenge kimelowa, meno mawili ya mbele hayapo, macho yamefumbuka pima, mkono umenyooshwa mbele. Na mbele ya mkono ule, upande wa kushoto, mtu mzima ameketi ndani ya maji kama gunia lililoanguka kutoka kwenye lori, mdomo wazi, nywele zimemganda, kamera hewani.

Alijitazama kwa chuki. Hapana, hiyo haitatundikwa mahali popote. Akausogeza ubao wa kuwekea mipaka ya picha chini ya mashine, akajiondoa. Akaondoa kichwa, bega na kamera. Alitaka kujiondoa mzima asibaki hata ukucha, lakini vidole vya mama vilikuwa vimefika kwenye kiwiko chake. Akikikata kiwiko, anaukata mkono wa mama. Akakiacha. Nani anatazama pembeni mwa picha?

Akaitoa kubwa, kubwa kuliko picha yoyote aliyowahi kuitoa, akapiga nyuma yake muhuri wa studio yake. Halafu, kwa kuwa ile filamu ingeweza siku moja kufika Arusha kwa fundi mwingine, aliibeba hadi jikoni, akaiweka juu ya makaa ya jiko la Lusia. Ilijikunja, ikanuka, ikaisha. Lusia aliuliza ni nini kinachonuka vile. Akamwambia ni taka za studio.

"Filamu yako iliingia maji ya chumvi," alimwambia Piusi kesho yake. "Hakuna kilichotoka."

"Yote?"

"Yote."

Piusi alimtazama kidogo. "Pole kwa kazi, kaka," akasema, akapanda gari la hoteli kurudi Ngorongoro.

Kwa majuma kadhaa Valeriani alikuwa mfalme. Picha aliitundika mbele ya studio kabla ya kuipeleka kwa mama, watu waione kwanza, na watu waliiona. Walisimama barabarani. Walisema, Valeriani, hatukujua kama unajua kuchekesha watu. Naye alivuta kola ya shati na kusema kazi ni kazi. Kila sifa aliyoipata aliihesabu kuwa imetoka mfukoni mwa Piusi, na aliisikia tamu kwa sababu hiyo.

Jumapili moja baada ya misa mama akaja mwenyewe kuichukua. Piusi, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alikuja naye. Kwenye benchi palikuwa na wateja wawili watatu wanaosubiri zamu.

Piusi aliitazama picha. Hakuna aliyeijua picha ile kuliko yeye. Alikuwa amesimama pale, alikuwa ameiona kwenye kitundu cha kamera yake kabla mtu mwingine yeyote hajaiona. Valeriani alimsubiri aseme. Alikuwa ameshajiandaa, alikuwa na majibu.

"Ni nzuri, kaka," Piusi akasema tu.

Mama alikuwa amesogea karibu sana, kama wazee wanavyosogea, pua karibu iguse karatasi. Alijitazama, akatabasamu kwa mapengo yake. Kisha kidole chake kikaanza kutembea. Kilitoka usoni mwake, kikashuka begani, kikaufuata mkono wake ulionyooka, kikafika pembeni, kikasimama.

"Hii sufu ni yangu," alisema.

Akaigusa tena kwa ukucha.

"Hiki kiwiko nimekifuma mimi. Cheupe, kwa sababu ile nyingine iliisha. Ni wewe huyu, Valeriani." Akageuka. "Sasa kama wewe uko huku ndani, nani alipiga?"

Benchi zima likainua macho. Majibu yote aliyoyaandaa Valeriani yalikuwa ya Piusi, na hakuwa na hata moja la mama.

"Mama," Piusi akasema haraka, "kaka ndiye aliyepanga kila kitu. Mahali, saa, jua. Mimi nilibonyeza tu."

"Ya nani alibonyeza, basi," mama akasema. "Yaishe hayo. Nauliza mwanangu yuko wapi. Mbona amebaki kiwiko?"

"Nilikuwa nimeanguka, mama," Valeriani akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilionekana vibaya."

"Ndiyo, ulianguka! Sasa nilikuwa nacheka nini?"

Valeriani akamtazama.

"Ulikuwa unamcheka... Piusi alikuwa amefika. Ulimwona Piusi."

"Piusi?" Mama alishangaa kweli. "Piusi sikumwona mpaka nilipokuwa nimekushika mkono. Nilikuwa nakucheka wewe. Wewe ulizaliwa mzee, Valeriani. Tangu unanyonya ulikuwa unanikunjia uso. Piusi kunichekesha ni kazi yake, anaijua. Lakini wewe, siku ile, uliponiangukia kama ndama, nikasema leo na huyu amenichekesha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikajua kama kuna picha, tutakuwa wawili." Akaigonga karatasi pale pembeni. "Basi nitolee nyingine, yenye wewe. Hii utabaki nayo."

"Kaka ataitoa," Piusi akasema. "Filamu si ipo, kaka?"

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alikuwa anampa mlango. Valeriani aliutafuta mlango huo na hakuuona popote. Aliona makaa ya Lusia, na kile kitu cheusi kinavyojikunja.

"Haipo," alisema. "Niliichoma."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, macho wazi kabisa, yale macho aliyoyatafuta Pasaka zote zile. Hakumgombeza. Aliitoa picha kwenye msumari, akaifunga kwenye khanga, akamwambia Piusi amshike mkono barabarani kuna magari. Wateja wakaanza kuangalia viatu vyao, halafu mmoja akakumbuka ana safari.

Picha ilitundikwa juu ya mlango, kati ya Moyo Mtakatifu na kalenda, na ilikaa hapo mpaka mama alipofariki, kama alivyosema. Valeriani hakuacha wivu, nisikudanganye. Mtu haachi mkono wake. Ila wivu wenyewe ulihama. Kila alipoingia nyumba ile macho yake yalikwenda pembeni mwa picha, na alikionea gere kiwiko chake mwenyewe, ambacho peke yake kilibahatika kubaki pale.

Na wageni, wageni hawana adabu, walizoea kuuliza. Mama, huyo mwenye kiwiko ni nani?

"Ni kifungua mimba wangu," mama alijibu.

Mbona mmemkata?

"Alijikata mwenyewe," alisema, na kuwakaribisha chai.